Rangi ya Kijani ya Ndahani

Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kulala mchana. Hapa Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma, jua likishapita utosini na upepo ukaanza kusukuma vumbi kwenye majani ya mizabibu yangu, macho yanakuwa mazito, na nikisinzia tu naanza kazi. Naota nimebana rasimu kwapani, napita chumba hadi chumba, nagonga, naambiwa pita, na kila chumba ninachoingia kina dirisha linalotazama mto wa mchanga. Hakuna anayeniambia kama amekubali au amekataa. Wananitazama tu kwa upole. Nikiamka chai imepoa, na paka kalalia miwani yangu.

Neema ndiye aliyeniambia niandike. Ni afisa kijana wa idara yetu, ndiye anayekalia kiti changu sasa. Alinipigia simu akasema, Mama Zaina, wenzangu wapya wanatuma rasimu asubuhi na jioni wanataka iwe imeshakubaliwa, hebu tuandikie wewe ulikuwa unafanyaje. Nikamwambia mimi sikuwa na ufundi wowote, nilikuwa na miguu. Akacheka, akasema basi andika hiyo miguu. Haya, naandika. Vyeo na mshahara nitaviruka, maana vyeo vyenyewe havikuwa vingi, na mshahara wa serikali kila mtu anaujua ulivyo.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa moja, ingawa ilibadilishwa jina kila alipokuja mkuu mpya. Idara yetu ilishughulika na maji vijijini. Mtu akiandika rasimu ya mwongozo, kabla mkuu hajatia saini, ilibidi wote wanaohusika waisome, waseme neno, wakubaliane. Mimi ndiye niliyeizungusha hiyo rasimu na kukusanya maoni. Nikiwaeleza majirani walikuwa wananionea huruma, wakidhani sikusoma vya kutosha kupewa kazi ya kuandika mwenyewe. Nami niliwaacha wafikiri hivyo, maana kueleza kungechukua jioni nzima.

Nilitoka Kondoa nikiwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Siku ya kwanza, katika jengo letu la zamani pale mjini, lenye mabati yaliyolia kila jua lilipokolea, nilipokelewa na mkuu wa masjala, Mzee Mbwana. Alikuwa mtu wa koti. Hata Oktoba, wakati mbuzi wa Dodoma wanatafuta kivuli cha nguzo ya umeme, yeye alikuwa ndani ya koti lake la kahawia, amefunga na vifungo. Alinipa jalada lenye dokezo sabili juu yake, ile karatasi fupi tunayoandika hoja kabla haijawa jambo kubwa, akaniambia nikachukue maoni ya maafisa watano.

Nikatoka mbio. Kila meza niliacha nakala, nikasema shikamoo, nikatoka. Nilirudi masjala nikiwa nimejaa fahari, jasho limenilowesha kola. Mzee Mbwana akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia nimewaachia. Akafungua kifungo kimoja cha koti, jambo ambalo baadaye nilijifunza kuwa ni dalili mbaya.

"Mwanangu, karatasi ukiiacha mezani inalala," akasema. "Sasa nenda ukaiamshe."

Akanifuata. Tulirudi meza ya kwanza, akaomba viti viwili, tukakaa, yule afisa akasoma mbele yetu. Mzee Mbwana hakutazama karatasi hata kidogo. Alitazama paji la uso la msomaji. Mahali afisa aliposita, yeye aliweka nukta ndogo ya penseli kwenye nakala yake. Afisa akamaliza, akasema sawa, haina neno. Mzee akamshukuru, akainuka nusu, kama anaondoka, halafu akauliza, na pale ulipokunja uso, palikuwa na nini? Loo! Yule bwana alieleza mpaka chai ikaletwa ikanyweka. Ukimuuliza mtu ana maoni gani, atakwambia hana. Ukimuuliza alisimama wapi, atakueleza habari za babu yake.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilijifunza kwamba Ijumaa baada ya swala na kabla ya watu kwenda makwao si wakati wa kupeleka rasimu, kila mtu anakubali ili aondoke. Nilijifunza kuuliza jambo moja kwa wakati mmoja. Nilijifunza kumwogopa mtu anayesema sawa kabla hujakaa. Tulikuwa na mhandisi mmoja wa namna hiyo, Kessy, mtu mzuri sana, mkarimu, ukigonga mlango tu anasema sawa. Siku moja nilimpelekea karatasi tupu, kwa utani, akasema sawa, nakubaliana na sehemu kubwa. Tuliicheka hiyo miaka mingi na yeye mwenyewe akiwa anaicheka kuliko sote.

Kisha akaja Ndahani.

Yohana Ndahani ni Mgogo wa huku huku, kijiji chao kiko upande wa Chamwino, ng'ambo ya korongo pana ambalo masika hupitisha maji kwa siku chache na mwaka mzima unaobaki ni mchanga. Haoni tangu utotoni. Alisoma Buigiri, shule ya wasioona, akaenda chuo, akaja kwetu kama afisa maendeleo ya jamii, akiwa na fimbo yake nyeupe na mashine ya nukta nundu nzito ya chuma, iliyopiga kelele chumba cha tatu wakasikia. Siku ya kwanza wakubwa walikaa wakajiuliza mtu huyu atasomaje rasimu. Walijiuliza wao kwa wao, yeye akiwa amekaa pale pale. Mwisho akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba yupo dada mmoja hapa mwenye sauti ya Kikondoa, amemsikia ukumbini, anaweza kumsomea.

Dada huyo ni mimi. Kuanzia hapo, kila rasimu niliyoizungusha iliishia kwa Ndahani, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo jengo zima lilikuwa limeinamia meza. Nilikaa dirishani nikasoma. Yeye aliegemeza kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, kama amelala. Nje mabati yanalia taratibu, mtu anafagia ua, vumbi linaingia na kutua kwenye mikono yetu. Mara nyingine nilijisikia kama si mimi ninayesoma, ni kama maneno yanatoka yenyewe kwenye upepo. Wala hakuwa amelala. Mahali asipopapenda aligonga meza kwa ukucha wa kidole cha shahada, mara moja, taratibu. Mimi nikaweka nukta ya penseli. Hatukuhitaji paji la uso.

Tulitaniana. Alisema Mrangi wa Kondoa kama mimi hata maoni anataka kuyapima kwa debe. Nami nikamwambia Mgogo akiitwa kwenye kikao hufika kesho yake na bado akauliza mmeanza? Lakini nawaambia, wanangu, katika miaka ile sijapata kuijua hati vizuri kama nilipoisoma kwa sauti mbele ya mtu anayesikiliza. Sentensi mbovu inakukwama kooni. Ukiisoma kwa macho tu, inateleza.

Miaka ikaenda. Mzee Mbwana akastaafu na koti lake, na siku tuliyomzika lilikuwa limetandikwa juu ya kiti chake nyumbani, limefungwa vifungo vyote. Tukahamia Mtumba, mji wa serikali, kwenye majengo mapya yenye vioo, ambako ukigonga mlango wa kioo unaona aibu maana mwenye chumba anakutazama tangu mbali. Tukapewa kompyuta. Ndahani akapata programu inayomsomea. Ilikuwa inasoma Kiswahili kwa sauti ya Mzungu aliyebanwa na mafua, na kwa kasi ambayo mimi sikuambulia hata neno, lakini yeye aliweka visikilizio masikioni akatulia, akaelewa kila kitu. Hakunihitaji tena mchana. Nilifurahi kwa ajili yake, na sitawaficha, nilipata upweke pia. Kwa wiki kadhaa, saa ile ikifika, nilikuwa najikuta nimesimama mlangoni kwake sina kitu mkononi.

Ndipo akaja Neema. Msichana mwepesi, mwenye adabu, anayekupokea mkoba kabla hujashuka kwenye gari. Aliangalia ninavyozungusha rasimu akasikitika kama mtu aliyemwona bibi yake akitwanga. Akatutengenezea hati ya pamoja, moja, sote tunaifungua kwenye mashine zetu kwa wakati mmoja. Mwishoni akaweka jedwali la majina yetu, kila jina na kisanduku chake. Ukikubali, unapaka kijani. Ukiwa na swali, njano. Ukikataa, nyekundu. Mkurugenzi akifungua anaona mara moja.

Msidhani nilichukia. Niliipenda! Kulikuwa na raha fulani kukaa na kikombe cha chai na kutazama visanduku vikigeuka kijani kimoja baada ya kingine, kama shamba la uwele baada ya mvua ya kwanza. Jambo lililokuwa linachukua wiki likawa linaisha kabla maandazi hayajapoa. Magoti yangu yalishukuru.

Ndahani naye hakulalamika. Programu yake ilimsomea maneno, lakini rangi haikumsomea. Mwanzoni alimwambia Neema, binti, mimi nimekubali, nipakie. Neema akampakia. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Baadaye, kwa kuwa mzee alikuwa anakubali kila mara, na kwa kuwa Neema hakutaka kumsumbua aondoe visikilizio, akawa anampakia mwenyewe. Alifanya vile vile alivyokuwa akimpokea mkoba. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Mimi sikulijua kabisa, na kama ningelijua sina hakika ningesema nini.

Sasa nifike kwenye visima.

Mtu anayeishi mjini hajui habari za mchanga. Kwenye makorongo yetu, kiangazi, maji hayaonekani, lakini yapo chini. Akina mama wanachimba kwa mikono na kopo, kiuno hadi bega, mpaka maji yanachuruzika kwenye shimo, meupe na ya baridi. Wanazungushia miiba ili ng'ombe wasiingie. Maji hayo ni matamu. Maji ya visima virefu vya mashine, katika vijiji vingi vya uwanda huu, yana chumvi. Unafulia nguo sabuni inagoma, unapika maharage yanagoma nayo. Watu wanayachota kwa ng'ombe na kufulia, kisha wanarudi mchangani kwa ya kunywa.

Idara yetu ikaandika mwongozo wa visima vipya. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba kijiji kikishapata bomba, visima vya mchangani katika eneo hilo vifukiwe kwa kifusi, kwa ajili ya afya. Aliyekiandika ni Kessy, na hakukiandika kwa ubaya. Aliwahi kuona watoto wakiugua matumbo baada ya mifugo kuingia kwenye mashimo yale. Mkandarasi alikuwa tayari, na eneo la kwanza baada ya saini lilikuwa lile korongo la kijijini kwao Ndahani, ambako dada yake mkubwa, Damari, mjane, ana shimo lake alilorithi kwa mama yao.

Wakati rasimu ile inazunguka mimi nilikuwa Kondoa, shangazi yangu anaumwa. Niliporudi nikakuta kazi imekwisha. Nilifungua hati, visanduku vyote kijani, isipokuwa changu, kilichoachwa kwa heshima na maelezo kwamba nipo safarini. Saini ilikuwa iwekwe mchana ule.

Saa ya chai nilimkuta Ndahani kibarazani, anatafuna karanga moja moja. Tukasalimiana, akamuulizia shangazi, nikamweleza. Halafu akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba amefurahi nimerudi, maana kuna kifungu kwenye mwongozo wa visima ambacho inabidi tukae tukizungumze, na alikuwa ananisubiri mimi nikizungushe.

Nikasema, "Kaka, mbona umeshakubali? Kisanduku chako kijani."

Mkono wake ukasimama na karanga.

"Kijani?" akasema. "Nani kaniuliza?"

Nilijua kwamba mimi sikumuuliza, na nilipowapitisha wengine haraka haraka kichwani sikumwona aliyemuuliza. Akanisimulia habari za Damari na shimo la mama yao. Akasema bomba la kule limeshajaribiwa, na dada yake alipoyanywa maji yale alisema ni kama kulamba ukuta. Likifukiwa shimo, Damari atakunywa nini? Alikuwa anasema polepole, na kidole chake cha shahada kinagonga ukingo wa kibaraza, kinagonga, kinagonga. Miaka yote nilizoea pigo moja la ukucha. Siku ile hakuacha.

Neema alikuwa anapita na sahani ya maandazi. Akasikia. Akasimama pale pale, na uso wake ulivyobadilika nikajua nani alipaka. Hakujitetea. Aliweka sahani chini sakafuni, kabisa sakafuni, akasema, "Baba, ni mimi. Nilidhani nakusaidia."

Ndahani aligeuza uso kuelekea sauti ile. Nilimwogopa kidogo, maana sikuwahi kumwona na hasira, na sasa niliiona, kwenye taya. Lakini ikapita, au akaimeza.

"Binti," akasema, "siku nyingine niulize tu. Hata kama jibu unalijua."

Neema alilia. Nikamwacha alie, nikaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu wakati ule hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Alikuwa na kalamu mkononi tayari. Nikamweleza. Akanionesha kioo cha kompyuta, akasema, Dada Zaina, wote kijani, mimi nifuate rangi au nifuate maneno ya kibarazani? Akasema mkandarasi anasubiri, akasema tukifungua hati hii tena kwa ajili ya mtu mmoja, kesho atakuja mwingine. Mimi si mtu wa kubishana na wakubwa, nilikuwa na miaka michache tu ya kufika salama kwenye kustaafu. Lakini nililiona koti la Mzee Mbwana, naapa, limekaa kwenye kiti cha wageni mle ofisini, na kifungo kimoja kimefunguliwa. Nikamwomba saa moja. Nikasema sitaki mjadala, nataka tu tukae sote niisome kwa sauti, halafu atie saini anavyotaka. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akasema nusu saa.

Tukakaa chumba cha mikutano, idara nzima, Mkurugenzi kichwani mwa meza. Ndahani alikaa mkabala nami, akaegemeza kichwa ukutani kama zamani. Nikavaa miwani nikaanza. Kile chumba cha Mtumba hakina mabati wala upepo, kina kiyoyozi tu kinachonguruma, lakini nilipofika ukurasa wa pili ukimya ule wa mchana ukarudi. Watu walitulia. Mmoja alifumba macho. Sauti yangu ikawa inatembea yenyewe, na mimi nikiwa mahali fulani nyuma yake, dirishani, nikiwa na umri wa Neema.

Nikafika kwenye kifungu. Nikakisoma. Vifukiwe kwa kifusi.

Ndahani akagonga meza mara moja.

Sikuendelea. Na katika kimya kile, kabla Ndahani hajasema neno, afisa mmoja wa mwisho wa meza akasema, kama anajisemea, kwamba hicho yeye hakukisoma. Aliona wenzake kijani, akapaka kijani. Mwingine akasema hata yeye. Kessy, aliyekiandika, akakohoa, akasema ukweli alidhani kitarudishwa kwake kikiwa na maswali, akashangaa hakikurudi, akaona basi sawa. Mkurugenzi aliweka kalamu mezani.

Ndahani akaeleza habari za dada yake, kwa maneno machache, bila kupandisha sauti. Kessy akamjibu, naye kwa heshima, habari za watoto aliowaona na matumbo yao, na namna mama mmoja alivyomkabidhi mtoto mkononi kwenye gari la idara. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wote wawili walikuwa na haki, na kwamba miezi ile yote walikuwa wamekaa vyumba viwili vilivyopakana bila kuambiana. Walizungumza. Nusu saa ikapita na hakuna aliyeitaja. Mwisho Neema, macho bado mekundu, akauliza kama mashimo yale hayawezi kujengewa ukingo na mfuniko badala ya kufukiwa, mpaka wenyewe wakiyaacha kwa hiari. Kessy akasema inawezekana, ukingo wa saruji, si kazi kubwa. Akachora kwenye bahasha.

Mkurugenzi akasema iandikwe hivyo. Halafu, na hapa nilimpenda yule bwana, akasema kila mtu aseme kwa mdomo wake kama amekubali. Tukazunguka meza. Nimekubali, nimekubali, nimekubali. Ikafika kwa Ndahani. Akaomba kifungu kisomwe tena. Nikakisoma tena. Akakaa kimya. Mkurugenzi akatazama saa, akaitazama tena, kisha akaufunika mkono wake wa saa kwa mkono wa pili. Hakuna aliyesema "basi, mzee amekubali." Kiyoyozi kikanguruma.

"Nimekubali," akasema Ndahani.

Rangi hatukuziacha, msinielewe vibaya. Neema alitafuta namna programu ile iweze kumsomea Ndahani neno badala ya rangi, na kila mtu anaandika neno lake mwenyewe. Bado jambo dogo tunalimaliza kwa chai moja. Lakini kifungu kinachogusa maji ya mtu, ardhi ya mtu au mtoto wa mtu, kinasomwa kwa sauti, na mwenzako unamwachia nafasi ya kunyamaza. Hilo ndilo lote ninalolijua. Mengine ni miguu.

Baada ya mimi kuagwa kazini, Neema alitupakia mimi na Ndahani kwenye gari lake dogo, tukaenda kijijini kwao. Ilikuwa kiangazi. Tuliacha gari ukingoni tukashuka korongoni kwa miguu, mchanga unazama na kuteleza, mweupe mpaka macho yanauma, na kimya kile cha ndoto zangu kimetanda kote. Damari alikuwa ametutangulia. Ni mama mrefu, mkavu, ana kicheko cha ndugu yake. Alitusalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, akatuonesha ukingo wa saruji na mfuniko wa bati. Ameuzungushia miiba vile vile, kwa mazoea. Akafunua, akachota kwa kopo, akanipa mimi mgeni kwanza. Nikanywa. Yalikuwa baridi na matamu, nami nikasikia machozi yananijia kwa kitu kidogo namna ile, nikainamisha kichwa kwenye kopo ili wasinione.

Ndahani alikuwa amesimama kwenye mchanga, fimbo mkononi, midomo imekauka. Tulikuwa tumesafiri kwenye vumbi tangu asubuhi. Kila mtu aliona kwamba mzee ana kiu. Neema akalichukua kopo kwangu, akainama kisimani, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye maji. Akauzuia. Akainuka na kopo tupu.

"Baba," akasema, "nikuchotee?"

Ndahani hakujibu mara moja. Akageuza uso kwenye upepo, akagonga fimbo yake kwa ukucha, mara moja, akatabasamu. Damari akanitazama, nami nikamtazama. Neema alisimama na kopo lake, hakusogea, hakurudia swali. Tulisubiri pale korongoni, sote, mpaka alipokuwa tayari.

"Nichotee, binti," akasema. "Jaza."